MFAHAMU LUCA PACIOLI, MZEE WA DAFTARI LA PANDE MBILI

Katika kijitabu hiki mtawakuta akina mama walioanzisha kikundi na wale waliotangulia mbele ya haki. Huyu tunayemweleza hapa si wa kwetu, wala hakupata kutusikia. Ni mtu wa Italia, na alifariki mwaka 1517. Lakini kikao kilikubaliana kwa kauli moja kwamba naye aandikwe, na sababu mtaiona huko mbele. Jina lake Luca Pacioli, hutamkwa Pacholi. Tulimsikia kwa mara ya kwanza kwa bibi maendeleo wetu, siku alipotuletea leja.

Alizaliwa yapata mwaka 1447 katika mji mdogo wa Sansepolcro, katikati ya Italia. Akiwa kijana alikwenda Venice, mji uliojengwa juu ya maji, ambako watu hupita kwa mashua mahali ambapo sisi tungepita kwa miguu. Wakati ule Venice ilikuwa soko kubwa la Ulaya. Pilipili manga na viungo vingine vilivuka Bahari ya Hindi, vikapita mikononi mwa Waarabu, vikaishia huko kuuzwa. Luca alikaa kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Antonio Rompiasi, akawa anawafundisha hesabu wanawe watatu. Mwaka 1470 akawaandikia vijana hao kitabu cha hesabu. Basi ni katika nyumba ile ya biashara alipoona wenye mali wanavyoandika mali yao.

Baadaye akawa mtawa wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ukoo mmoja na hawa Wakapuchini tunaowajua, wa kanzu ya kahawia na kamba kiunoni. Wengine tulishangaa. Mtu aliyeapa kuishi kimaskini, ndiye atufundishe kuhesabu fedha? Lakini tukifikiri vizuri, labda ndivyo inavyofaa. Kuanzia mwaka 1477 alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Perugia, na tangu hapo maisha yake yote yakawa ni kufundisha, mji huu na mji ule.

Mwaka 1494 alitoa kitabu kikubwa mjini Venice, jina lake kwa ufupi Summa. Kina kurasa zaidi ya 600, karibu zote za hesabu na maumbo. Hizo sisi hatuziwezi. Ndani yake kuna sehemu ndogo, isiyofika kurasa 30, yenye sura 36, inayoeleza jinsi mfanyabiashara anavyotakiwa kuandika daftari zake. Na hakukiandika kwa Kilatini cha wasomi, alikiandika kwa Kiitaliano cha watu wa sokoni. Mashine za kuchapa vitabu zilikuwa bado ngeni Ulaya, na Venice ilikuwa nazo nyingi, kwa hiyo kikaenea.

Hapa tuseme ukweli, maana kuna watu wanamwita mvumbuzi. Hakuvumbua. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wanaandika pande mbili tangu karibu miaka 200 kabla yake, na mjini Genoa ipo leja ya serikali ya mji ya mwaka 1340. Yeye mwenyewe alieleza kwamba anafuata desturi ya Venice. Sifa yake ni kwamba jambo lililokuwa likifundishwa dukani, baba kwa mwana, aliliweka kitabuni kila mtu alisome.

Sasa, alifundisha nini? Kwanza, kabla hujaanza biashara, andika kila ulicho nacho. Fedha taslimu, vito, nguo, vyombo, vitanda, nyumba, mashamba, unaowadai na wanaokudai. Usiache kitu. Halafu uwe na daftari tatu. Ya kwanza ni ya haraka, kila kinachotokea kinaingia papo hapo, kwa fedha ya aina yoyote. Na katika hii alisema wazi kwamba mwenye mali asipokuwepo wanaweza kuandika watumishi wake, na hata wanawake wa nyumbani kama wanajua kuandika. Jamani, hiyo ni mwaka 1494! Tulipoelezwa hivyo ukumbi mzima ulipiga vigelegele, ingawa mmoja wetu aliuliza mbona kasema kama wanajua, kwani hao watumishi wote walikuwa wanajua?

Daftari ya pili unahamishia mambo yale kwa utaratibu, kwa fedha ya aina moja. Ya tatu ndiyo leja, na hapo ndipo penye kazi. Kila jambo linaandikwa mara mbili. Kwa mfano, Mama A amekopa shilingi 20,000 kutoka sanduku letu. Kwenye ukurasa wa Mama A unaandika 20,000 upande wa kushoto, kwa kuwa yeye amepokea. Kwenye ukurasa wa sanduku unaandika 20,000 hiyo hiyo upande wa kulia, kwa kuwa sanduku limetoa. Wasomi wanaziita debiti na krediti. Akirudisha, unageuza, sanduku kushoto na Mama A kulia. Ukifika mwisho unajumlisha kushoto kote na kulia kote. Zikilingana, vema. Zisipolingana, kuna kosa mahali, na hutoki hapo mpaka ulipate. Na ukikosea usifute, andika upya kinyume chake ili kosa na sahihisho vyote vionekane.

Hapo kwenye kulinganisha ndipo tulipoinamisha vichwa. Wanachama wa siku nyingi wanajua kwa nini, na wapya inafaa wajue. Mwaka wetu wa tatu tulikuwa na daftari la upande mmoja tu. Fedha zilizoingia tunaandika, zilizotoka tunaandika nyuma ya daftari, au kwenye kikaratasi, au tunakumbuka. Siku moja tukafungua sanduku, zimepungua shilingi 85,000. Mweka hazina wetu akasema zimekopeshwa, lakini siku ile walikopa watu wengi na kulikuwa na mvua, na kikaratasi hakionekani. Hatukumsikiliza. Maneno aliyoambiwa siku ile hatuyaandiki humu. Aliuza mbuzi wake na cherehani yake akalipa zote, akaacha na kuja kwenye vikao.

Miezi minne baadaye mwenzetu mmoja aliyekuwa amekwenda kuuguza mama yake mkoani alirudi, akaja kikaoni moja kwa moja na shilingi 85,000 zimefungwa kwenye ncha ya khanga, akitushukuru kwa mkopo. Ukumbi ulinyamaza kimya. Kumbe fedha hazikupotea hata senti, lililokosekana ni mstari mmoja wa kuandika amepokea nani. Tulikwenda watu wanane nyumbani kwa mama yule, tukapiga magoti. Fedha tulimrudishia. Cherehani ilikwisha kuuzwa mbali.

Ndiyo maana bibi maendeleo alipotuonyesha zile pande mbili, hakuna aliyelalamika kwamba ni kazi ngumu, ingawa ni ngumu kweli, na sisi wengine tumeishia darasa la saba. Miezi ya kwanza mahesabu yalikuwa hayalingani kabisa. Tulikuwa tunakaa na koroboi mpaka usiku tukitafuta shilingi 300.

Turudi kwa Luca. Umaarufu ulimfikisha kwa wakubwa. Yapata mwaka 1496 aliitwa na mtawala wa Milan kufundisha hesabu, na huko akafanya urafiki na Leonardo da Vinci, yule mchoraji. Luca alimfundisha hesabu, na Leonardo akamchorea maumbo ya kitabu chake kingine, ambacho kilichapwa mwaka 1509. Mwaka 1499 Wafaransa walipouteka mji wa Milan, wote wawili waliondoka wakaenda Florence.

Alikuwa na doa, nalo tusilifiche, maana tukificha tutakuwa tumelipasua daftari. Kulikuwa na mchoraji mkubwa wa mji wao wa Sansepolcro, Piero della Francesca, aliyekuwa pia hodari wa hesabu. Mwaka 1550 mwandishi Giorgio Vasari alimshutumu Luca kwamba alichukua kazi za Piero akazifanya zake. Waliochunguza baadaye wamekuta kwamba sehemu moja ya kile kitabu cha 1509 kweli ni ya Piero, na jina la mwenyewe halikutajwa. Mtu aliyefundisha kila anayetoa aandikwe! Tulibishana sana kama bado anafaa kuingia humu. Wengi walisema aingie, lakini na deni lake liandikwe, na hili hapa tumeliandika.

Alifariki mwaka 1517 huko huko Sansepolcro alikozaliwa. Mwaka 1994, ilipotimia miaka 500 ya kitabu chake, serikali ya Italia ilitoa sarafu ya lira 500 yenye sura yake. Lira siku hizi haitumiki tena.

Siku ya sherehe leja yetu itakuwa mezani, karibu na keki, na mwanachama au mgeni yeyote anakaribishwa kuifungua. Ukurasa wa kwanza ni orodha ya vyote tulivyo navyo, kama mzee alivyoagiza: sanduku 1, makufuli 3, viti 24, sufuria kubwa 2, mizani 1. Kwenye ukurasa wa mikopo mtaona mwandiko umebadilika tangu mwaka wa saba. Huo ni mwandiko wa yule mama wa cherehani. Tulimwomba mara tatu ndipo akakubali.