Hideyoshi, Mtoto wa Mkulima, na Maua ya Kyoto

Hapa Litein, katika nchi ya chai iliyo baina ya Kericho na Bomet, sisi tuliotoka pwani huchukua muda kuzoea jambo moja: vilima vyote ni kijani kibichi, na ua halionekani. Mchai haupewi nafasi ya kuchanua. Kila baada ya siku chache wachumaji hupita wakakwanyua majani mawili na kichipukizi, na mti hubaki kimo cha kiuno cha mtu mwaka nenda mwaka rudi. Lakini mchai uliosahauliwa mpakani mwa shamba hukua ukawa mti kamili, ukatoa maua meupe yenye kiini cha manjano. Maua hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye habari za bwana mmoja aliyependa chai na maua kwa kishindo kuliko wenziwe wote, Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani.

Alizaliwa mwaka 1537 katika kijiji cha Nakamura, ambacho leo kimo ndani ya jiji la Nagoya. Baba yake alikuwa mkulima aliyepata kuwa askari wa miguu, na nyumba yao haikuwa hata na jina la ukoo. Sura yake haikuwa ya kupendeza. Bwana wake, jemadari Oda Nobunaga, akimwita nyani. Husimuliwa kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa kumshikia bwana huyo viatu, na kwamba siku za baridi alikuwa akivitia kifuani ili bwana avivae vikiwa na joto. Pengine hadithi hiyo imetiwa chumvi, lakini hapana shaka kijana huyu alijua kusoma moyo wa mkubwa wake.

Mwaka 1582 Nobunaga alisalitiwa na kamanda wake mwenyewe, naye akafa mjini Kyoto. Hideyoshi alikuwa mbali upande wa magharibi, ameizingira ngome ya adui. Alifanya suluhu upesi, akageuza jeshi, na kabla ya wiki mbili kutimia alikwisha mshinda msaliti. Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Mwaka 1585 alipata cheo cha kampaku, ndiye mshauri na msemaji mkuu wa mfalme, na kufikia 1590 Japani yote ilikuwa chini ya amri yake. Bunduki zilizotumika katika vita hivyo waliziingiza Wareno mwaka 1543, Wareno hao hao ambao mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Mwaka 1588 aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga. Yeye aliyetoka kwenye jembe akapanda kwa upanga, alipofika juu aliiondoa ngazi.

Katika chai alikuwa na mwalimu, Sen no Rikyu, aliyefundisha kwamba chai inyweke katika kibanda kidogo, kwa chombo cha udongo, pasi na fahari. Hideyoshi alimsikiliza, kisha akajitengenezea chumba cha chai cha dhahabu tupu. Mwaka 1587 aliwaita watu wa kila tabaka, hata maskini, waje na birika na kikombe chao kunywa chai pamoja naye huko Kitano, Kyoto. Karamu ilipangwa iwe ya siku 10, ikavunjwa baada ya siku moja. Na mwaka 1591 alimwamuru Rikyu, mzee wa miaka 70, ajiue. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya sababu.

Sasa nije kwenye maua. Mti wa sakura huchanua Kyoto mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na baada ya wiki moja hivi petali zake hupukutika. Watu hutandika mikeka chini ya miti, wakala, wakaimba, wakatazama. Mpwani ataelewa haraka akikumbuka kuvunja jungu, pale jamaa wanapobeba sufuria kwenda ufukweni kabla ya mwezi wa kufunga. Desturi hii ilianza zamani kwa wafalme na watu wa daraja. Hideyoshi aliifanya tamasha la kuonyesha nguvu: mwaka 1594 alipanda milima ya Yoshino na watu wapatao 5,000.

Lakini iliyobaki vinywani mwa watu ni ile ya hekalu la Daigo, Kyoto, tarehe 20 Aprili 1598. Kwa hesabu ya Hijria ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1006. Miti ipatayo 700 ilihamishwa kutoka wilaya za jirani ikapandwa njiani. Waalikwa walikuwa wanawake, kiasi cha 1,300, na kila mmoja alipewa mavazi ya kubadilisha siku hiyo. Wanaume katika karamu walikuwa Hideyoshi mwenyewe, mwanawe Hideyori wa miaka minne, na rafiki yake mzee Maeda Toshiie. Bibi mkubwa, Nene, ambaye hakujaliwa mtoto, alitangulia kwa machela. Nyuma yake alikuja Yodo, mama wa Hideyori. Husimuliwa kwamba Yodo na mwenziwe mwingine waligombania nani apokee kikombe kwanza, mpaka mke wa Maeda akaingia kati. Ukewenza haujui mipaka ya nchi.

Mimi naona mzee yule hakuwa akitazama maua peke yake. Alikuwa akimtazama mtoto. Mwanawe wa kwanza kwa Yodo alifariki mwaka 1591, naye akamrithisha mpwa wake, Hidetsugu. Hideyori alipozaliwa mwaka 1593, mpwa akawa mzigo. Mwaka 1595 aliamriwa ajiue, na wake zake na watoto wake, zaidi ya 30, wakakatwa vichwa kando ya mto mjini Kyoto. Siku ya Daigo hapakusalia mtu mzima wa damu yake wa kumlinda mtoto huyo. Ng'ambo ya bahari, jeshi lake lilikuwa bado linapigana Korea, vita alivyovianza mwaka 1592 na ambavyo hakuvishinda.

Miezi mitano baadaye, tarehe 18 Septemba 1598, alifariki. Kifo chake kilifichwa wakati majeshi yakirudishwa kutoka Korea. Wakubwa aliowaapisha wamtunze Hideyori hawakukaa na kiapo chao. Mmoja wao, Tokugawa Ieyasu, alitwaa nchi, na mwaka 1615 ngome ya Osaka iliteketezwa, Hideyori na mama yake wakafia humo.

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, watu wa Daigo hufanya maandamano, mmoja wao amevaa kama Hideyoshi, na wageni hujaa chini ya miti. Katika jiji hilo hilo liko hekalu la kumtukuza, na hatua chache mbele yake kuna kilima cha udongo chenye jiwe juu. Humo zilizikwa pua za makumi ya maelfu ya Wakorea, zilizokatwa na kutiwa chumvi ili zimfikie zikiwa ushahidi wa ushindi. Kilirundikwa mwaka 1597, majira machache kabla ya karamu ya maua.