Adriani Atiman, Katekista Aliyetibu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Katonga, hapa Kigoma. Jirani yetu mmoja, mvuvi wa dagaa, alikuwa ameacha dawa za kifua kikuu katikati ya dozi ya miezi 6. Mhubiri mmoja alikuwa amemwambia kwamba ukishaombewa, kuendelea kumeza vidonge ni kumwonyesha Mungu kuwa humwamini. Akamsomea na Maandiko: yule mama wa Injili ya Marko aliyemaliza mali yake kwa waganga bila kupona, kisha akapona kwa kugusa vazi la Yesu. Nilikaa pale mkekani, mimi frateri wa falsafa, nikakosa la kusema. Hoja nilikuwa nazo, ila za darasani, na mbele ya mtu anayekohoa zilikuwa nyepesi mno. Kilichonisaidia baadaye ni maisha ya mzee mmoja wa ziwa hili hili, kusini kwetu: Adriani Atiman wa Karema.

Wengi tunalijua jina lake kwa sababu ya hospitali ya Dk. Atiman kule Sumbawanga. Wengine hudhani alikuwa daktari wa Kizungu. Hapana. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimnunua ili awe mtu huru.

Nakiri kwamba jambo hilo la kununua hunisumbua. Fedha iliyomkomboa iliingia mfukoni mwa mtu yule yule aliyeishi kwa kuuza watoto. Hata hivyo, sijui kama ningeweza kumpita mtoto yule sokoni huku nikijadili kanuni.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake: Waafrika wainjilishwe na Waafrika. Hakutaka vijana aliowalea wageuzwe Wazungu weusi. Aliona kwamba tabibu huhitajika kila mahali na anaweza kuishi popote kwa kazi yake bila kuacha maisha ya watu wake. Kwa hiyo mwaka 1881 Atiman na wenzake wakapelekwa Malta kusomea udaktari, wakiandaliwa pia kuwa makatekista. Mwaka 1888, mwaka ule ule Lavigerie alipozunguka Ulaya akipinga biashara ya utumwa, Atiman alianza safari ya kuja kwetu.

Ziwa Tanganyika la wakati ule halikuwa hili la kupiga picha machweo. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Ujiji Januari 1879, kiongozi wake, Padre Pascal, akiwa amekwisha kufa njiani. Mwaka 1881 watatu kati ya waliotangulia waliuawa Rumonge, kaskazini mwetu, upande wa Burundi. Ujiji yenyewe ilikuwa kituo kikubwa cha pembe za ndovu na watumwa, na misafara ya watu waliofungwa ilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Karema ilikuwa ngome ya Wabelgiji, nao waliikabidhi kwa wamisionari mwaka 1885. Hebu fikiri: kijana aliyewahi kuuzwa analetwa, akiwa huru, mahali ambapo watu bado wanauzwa.

Alifika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka, vita kuu mbili zikapita, malale yakasumbua vijiji vya ufukweni, Waingereza wakatawala, naye yupo tu, anatibu na kufundisha katekisimu. Alimwoa Agnesi, msichana wa Wabende wa huko, na mtoto wao Yosefu akapewa daraja ya upadre mwaka 1923. Baba mtu alitekwa akiwa mtoto. Mwana akasimama altareni. Kila nisomapo kitabu cha Mwanzo, Yosefu akiuzwa na ndugu zake na baadaye kuwalisha watu wa nchi ya ugenini, namwona mzee huyu.

Sasa turudi mkekani kwa jirani yangu. Atiman hakuandika ufafanuzi wa Biblia. Alichoacha ni simulizi fupi ya maisha yake, iliyochapishwa katika jarida moja la Tanganyika miaka ya 1940. Lakini kazi zake mbili zilikuwa moja, na hapo ndipo ninapoiona tafsiri yake. Katika Luka sura ya 9 Yesu anawatuma Thenashara kutangaza ufalme na kuponya. Mhubiri wa jirani yangu angelisoma andiko hilo kama uwezo wa kuponya bila dawa. Atiman alilisoma kwa miaka 67 akiwa na vyombo vya tiba mkononi. Msamaria wa sura ya 10 naye hakumwombea tu yule majeruhi. Alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga, akalipa gharama za nyumba ya wageni. Mafuta yale yalikuwa dawa ya siku zile. Ukikumbuka hilo, hata Waraka wa Yakobo unaposema wazee wa Kanisa wampake mgonjwa mafuta, hutaweza kuutumia kama fimbo ya kumfukuza mtu zahanati. Nasi Wakatoliki tunacho kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho wenzetu wengi hawanacho katika Biblia zao. Sura yake ya 38 inaagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, maana Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi. Hati ya Mtaguso kuhusu Ufunuo, ya mwaka 1965, inatudai tuusome mstari ndani ya Maandiko yote. Yule mama wa Marko aliteswa na waganga walioshindwa. Injili haisemi kwamba kutibiwa ni dhambi.

Nilirudi kwa jirani siku ya tatu. Sikumsomea Mtaguso. Nilimsimulia habari za Atiman tu, tangu jangwani hadi Karema, na mkewe akasikiliza akiwa ameacha kuanika dagaa. Alipouliza kama mzee huyo alikuwa pia mtu wa kusali, nilimjibu kuwa alikuwa katekista. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake tulipanda bodaboda wawili, yeye na mimi, hadi kituo cha afya, ambako muuguzi alimgombeza kidogo, akampima upya na kumwanzishia dozi tena. Siku narudi seminarini nilimkuta mlangoni, rozari shingoni, akihesabu vidonge vya wiki.