Ramses II: Firauni aliyejipangia kaburi la kifalme, akaishia kuhamishwa kama mpangaji

Ukitaja Firauni, wasee wengi wanafikiria jamaa mmoja tu: yule wa moyo mgumu aliyekataa kuwaachilia watu wa Musa. Sinema ya Marekani ya 1956, The Ten Commandments, ilimpa huyo Firauni jina la Ramses, na tangu hapo jina likamganda. Ukweli ni kwamba Biblia haimtaji Firauni huyo kwa jina, na hakuna maandishi ya Misri yanayosema ni yeye. Hiyo kesi tuiache. Stori ya huyu buda bila Musa ni noma ya kutosha, na sehemu tamu zaidi inaanza akishakufa.

Ramses alizaliwa karibu mwaka 1303 KK. Usidhani familia yao ilikuwa ya kifalme tangu zamani. Babu yake alikuwa mwanajeshi tu aliyepanda vyeo, hadi Firauni Horemheb, ambaye hakuwa na mtoto wa kumrithi, akamwachia kiti. Babu hakukaa sana. Baba, Seti I, akafuata, na mwaka 1279 KK zamu ikamfikia kijana akiwa na miaka ishirini na kitu. Akakalia hicho kiti miaka 66. Kuna Wamisri waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na wakazikwa bila kuona mfalme mwingine.

Miaka mitano ndani ya kazi akapeleka jeshi Kadesh, huko Syria, kupigana na Wahiti. Huko alichezwa. Majasusi wawili walimdanganya kwamba adui yuko mbali, kumbe jeshi la Wahiti limejificha nyuma ya mji. Alitoka chupuchupu, na mji wenyewe hakuuteka. Lakini aliporudi nyumbani akachonga kwenye kuta za hekalu baada ya hekalu kwamba yeye, akiwa peke yake kwenye gari lake la farasi, aliwachapa maelfu. Kama kuna msee aliyejua kutafuta kiki kabla ya mitandao, ni huyu. Karibu mwaka 1259 KK ndio wakakubaliana na Wahiti kwa mkataba wa amani, na nakala yake imewekwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.

Sasa, kwa nini mtu aandike jina lake kila mahali hivyo? Majivuno yalikuwepo, hatukatai. Lakini kulikuwa na woga pia, na huo woga ndio ufunguo wa maisha yake yote.

Kwa Mmisri wa kale, mtu hakuwa mwili na roho tu. Kulikuwa na ka, ile nguvu ya uhai, ambayo hata baada ya kifo ilihitaji kula na kunywa, ndio maana watu walipeleka mkate na pombe kaburini. Kulikuwa na ba, iliyochorwa kama ndege mwenye kichwa cha mtu, inayotoka kuzurura mchana na kurudi kwa mwili usiku. Na kulikuwa na jina. Mwili ukioza, ba haina pa kurudi. Jina likifutwa, umekufa mara ya pili, na hapo hakuna kuamka.

Ramses alijua hii si hadithi ya kutishia watoto. Miongo michache kabla ya familia yao kushika madaraka, Firauni Akhenaten alijaribu kuiweka Misri chini ya mungu mmoja wa jua, Aten. Alipokufa, waliomfuata walirudisha miungu ya zamani, wakabomoa mahekalu yake na kulifuta jina lake. Ramses mwenyewe alitumia mawe ya mji wa Akhenaten kujengea. Kwa hivyo lake akaagiza lichongwe ndani sana kwenye jiwe, lisikwanguliwe kirahisi. Tena akaandika jina lake hata kwenye sanamu za wafalme waliomtangulia. Wizi? Uamue wewe.

Kule Abu Simbel, kusini kabisa, alikata hekalu ndani ya mwamba, na mlangoni akaweka sanamu nne zake zenye urefu wa kama mita 20 kila moja. Kando yake akamjengea mkewe Nefertari hekalu lingine, na hapo sanamu za malkia zina urefu sawa na za mfalme, jambo ambalo Mafirauni hawakuwa na mazoea nalo. Jamaa alikuwa na wake wengi na watoto karibu 100, lakini Nefertari alikuwa na nafasi yake.

Ingia kaburi la Nefertari, kwenye Bonde la Malkia, uone. Ukutani anacheza mchezo wa bao uitwao seneti, kwingine mungu wa kike Isis anamshika mkono kumpeleka ndani. Rangi bado zinang'aa. Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alipolifungua mwaka 1904 alikuta wezi walishapita zamani. Kati ya vilivyobaki ni vipande vya miguu, magoti yakiwemo, ambavyo vimewekwa Turin, na wataalamu waliovipima wanaona uwezekano mkubwa ni wake. Malkia aliyependwa hivyo, kilichobaki ni magoti.

Kuishi sana kulimletea mzae msiba wake. Alizika na kuzika. Wana wakubwa 12 walitangulia, na mrithi alikuwa Merneptah, mtoto wa kiume wa 13. Kwa ajili ya wanawe alichimba kaburi la familia ambalo, lilipochunguzwa upya mwaka 1995, lilianza kuonyesha vyumba baada ya vyumba, zaidi ya 120.

Mwaka 1213 KK naye akaenda, akiwa na miaka kama 90, meno yameoza na viungo vinauma. Kazi ya mafundi wa maiti ikaanza, na ilichukua siku 70. Ubongo ulitolewa kupitia puani. Ubavu wa kushoto ukapasuliwa, ini, mapafu, tumbo na matumbo vikatolewa, na kwa desturi kila kimoja kilikuwa na mtungi wake na mungu wa kukilinda. Kisha mwili ukazikwa ndani ya magadi siku kama 40 hadi ukauke. Ndio, magadi, jamaa ya hayo yanayochimbwa Ziwa Magadi, ila yao yalitoka jangwani kaskazini mwa Misri. Halafu vitambaa vya kitani, tabaka juu ya tabaka. Puani mwake walijaza punje za pilipili manga, ili ile pua yake ndefu isipondwe na vitambaa. Pilipili yenyewe ilitoka India! Hebu fikiria hiyo safari, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, kwa sababu ya pua ya marehemu.

Moyo haukutolewa. Waliamini ndio unaofikiri na kukumbuka, na huko mbele ungehitajika kama shahidi. Marehemu aliingia kwenye ukumbi wa mungu Osiris, akakana dhambi 42 mbele ya waamuzi 42: sikuua, sikuiba, sikupunguza mizani. Moyo wake ukawekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, anapima. Thoth anaandika. Pembeni anasubiri Ammit, kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko. Moyo ukizidi uzito, ameumeza, na mambo yako yameisha. Wajanja walikuwa na rada: walizikwa na kijiwe chenye umbo la mdudu anayebingirisha mavi, kimeandikwa maneno ya kuusihi moyo usimchome mwenyewe mbele ya jaji.

Basi mzae akalazwa kwenye kaburi lake kubwa, Bonde la Wafalme, na mali ambayo leo hatuwezi hata kuihesabu. Ilikuwa imefungwa. Imelindwa. Na haikudumu.

Miaka kama 60 hivi baadaye, chini ya Ramses III, wachimbaji wa makaburi ya kifalme waliona nafaka yao ya mshahara haifiki, wakaweka vifaa chini na kugoma, mgomo wa kwanza tunaoujua duniani. Karatasi ya mafunjo iliyoandika habari za mgomo huo ina pia mashtaka ya watu waliodaiwa kung'oa mawe juu ya kaburi la Ramses II. Njaa ilikuwa nje, dhahabu iko chini ya miguu yao.

Serikali ilipozidi kudhoofika, makuhani wa Thebes wakaanza kuhamisha wafalme. Ramses alifungwa upya, akapelekwa kwenye kaburi la baba yake Seti. Huko nako hakukuwa salama, akapelekwa kwenye kaburi la malkia Inhapi. Mwishowe akashushwa kwenye shimo refu la familia ya kuhani mkuu Pinedjem II, karibu na Deir el-Bahari, ndani ya jeneza la mbao lisilo na dhahabu. Juu yake waliandika kwa wino jina lake na safari zake. Tusidanganyane, makuhani hao nao walijichukulia dhahabu. Lakini mwili walihifadhi, na jina wakaliacha juu yake. Kwa imani yao, hivyo viwili ndivyo vilivyohesabika.

Akakaa humo kama miaka 2,800. Familia moja ya kijiji cha Qurna ikaligundua shimo, ikawa inauza vitu kidogo kidogo, mpaka mwaka 1881 wakuu wa mambo ya kale wakalifikia na kutoa maiti zaidi ya 40. Meli iliposhuka Nile kwenda Cairo, wanakijiji walisimama ukingoni, wanawake wakilia kwa sauti, wanaume wakifyatua bunduki, kama mazishi ya mtu wa juzi. Tarehe 1 Juni 1886 Gaston Maspero akamfungua mbele ya mtawala wa Misri, kwa kama robo saa tu.

Mwaka 1976 kuvu ilimshambulia, akapelekwa Paris kutibiwa. Alipokelewa na gwaride la kijeshi kama rais. Ile picha ya pasipoti yake inayozunguka mtandaoni ni ya kutengenezwa, usidanganywe. Walimpiga miale ya gama kuua kuvu, akarudi nyumbani 1977. Tarehe 3 Aprili 2021 alihama tena, kwa msafara wa wafalme 18 na malkia 4 katikati ya Cairo, hadi makumbusho ya Fustat aliko sasa.

Kaburi lake bado liko Bonde la Wafalme. Mafuriko yaliliharibu vibaya, na watalii wengi hulipita wakikimbilia kwa kijana Tutankhamun.