Mtungaji Aliyefungwa na Kamari: Maisha ya Fyodor Dostoyevsky

Wengi wetu hudhani kuwa mcheza kamari ni mtu mjinga au mvivu, na kwamba mwenye elimu na akili hawezi kunaswa na mtego huo. Ili kuiondoa dhana hii tumeona tuwaeleze maisha ya mtu aliyekuwa miongoni mwa watungaji wakubwa kabisa wa Ulaya. Hakuwa wa dini yetu, walakini mazingatio hayana kabila, na mwenye busara huyaokota popote ayaonapo.

Fyodor Dostoyevsky alizaliwa Moscow, katika nchi ya Urusi, mwaka 1821. Baba yake alikuwa daktari wa hospitali ya maskini. Alisomeshwa uhandisi wa jeshi katika mji wa St. Petersburg, lakini moyo wake ulikuwa katika utungaji, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1846, kilimpa jina mara moja. Mwaka 1849 alikamatwa kwa kuhudhuria baraza la vijana waliokuwa wakiitia makosa serikali ya mfalme. Akahukumiwa kuuawa, akasimamishwa uwanjani akingojea zamu yake ya kupigwa risasi, na ndipo ikaja amri ya kumpunguzia adhabu. Alipelekwa Siberia, akakaa miaka minne katika ngome ya Omsk, minyororo miguuni, pamoja na wezi na wauaji. Baadhi ya wafungwa wenziwe walikuwa Waislamu wa Dagestan. Alipotoka 1854 alimwandikia nduguye ampelekee vitabu, na katika vile alivyovitaja mlikuwa na Qurani.

Basi huyu hakuwa mtu dhaifu. Mauti hayakumvunja, wala kifungo, wala maradhi ya kifafa yaliyomwandama kwa miaka mingi. Kilichomvunja ni kijipira kidogo kinachozunguka ndani ya gurudumu.

Zamani zile Ufaransa ilikuwa imekwisha kuyafunga majumba yake ya kamari, tangu mwisho wa mwaka 1837, na wachezaji walikuwa wamehamia miji ya Ujerumani yenye chemchemi za maji ya tiba, kama Wiesbaden, Homburg na Baden-Baden. Watawala wa huko waliwapa matajiri ruhusa ya kuchezesha, nao matajiri wakalipa kodi kila mwaka. Kwa fedha hizo miji ikapambwa kwa bustani na majumba mazuri. Mtazamaji alisema hii ni neema, kwa kuwa hakuuliza imetoka mifukoni mwa nani.

Hesabu ya gurudumu lile si siri. Lina nambari 36 na sifuri moja, yaani vituo 37. Aliyepatia nambari hurudishiwa dau lake na kuongezwa mara 35. Atakayeweka shilingi moja katika kila kituo atatoa 37 na kupokea 36, na moja itabaki kwa mwenye jumba. Mchezaji mmoja huenda akashinda usiku mmoja. Ama wachezaji wote pamoja, kwa siku zote, hawana ila kushindwa. Kodi ya mtawala ilitoka katika shilingi hiyo moja.

Dostoyevsky aliingia Wiesbaden mwaka 1863 akashinda maelfu ya faranga, na ushindi huo ndio uliokuwa chambo. Alijiaminisha kuwa ameigundua njia, nayo ni kucheza kwa utulivu bila ya kupapatika. Haukupita muda akapoteza. Mwaka 1864 walikufa mkewe na nduguye, akabebeshwa madeni ya nduguye pamoja na watu wa nyumba yake. Mwaka 1865, katika dhiki hiyo, alitia sahihi mkataba mgumu na mchapishaji: atapokea rubli 3,000, na asipoleta kitabu kipya kabla ya mwezi wa Novemba 1866, mchapishaji atavimiliki vitabu vyake kwa miaka tisa bila ya malipo. Baada ya madeni kuzimeza fedha nyingi, aliichukua baki yake akaenda nayo Wiesbaden. Kwa siku tano hakubakiwa na kitu, na wenye hoteli wakakataa kumpa chakula.

Muda wa mkataba ulipokaribia alimwajiri binti wa miaka ishirini, Anna Grigoryevna, ajuaye hati mkato, akamsomea kitabu kizima kwa siku 26. Kitabu hicho kilihusu mcheza kamari. Aliujua ugonjwa wake barabara, akaueleza kama tabibu, wala ujuzi ule haukumponya.

Alimwoa Anna mwaka 1867, wakaenda Ulaya kuwakimbia wadai. Katika Baden-Baden, mke akiwa mja mzito, zilikwenda rehani hereni zake na kipini cha kifuani, kisha nguo, kisha pete za arusi. Mume hurudi usiku akalia, akapiga magoti, akaapa, na kesho yake akarudi mezani. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Geneva mwaka 1868, akafa baada ya miezi mitatu. Hatusemi kamari ilimwua. Twasema alizaliwa katika chumba kisichokuwa na akiba.

Mwezi wa Aprili 1871 alicheza Wiesbaden mara ya mwisho, akapoteza hata nauli aliyopelekewa na mkewe. Safari hii alipoapa, alitimiza. Walirudi Urusi, Anna akashika hesabu za nyumba na kuvichapisha vitabu mwenyewe, na madeni yakalipwa hatimaye. Mume alikufa mwaka 1881. Vitabu vyake vikubwa vya mwisho alivitunga akiwa huru.

Na yale majumba je? Serikali ya Prussia iliyashika mambo ya nchi ile, ikatolewa sheria mwaka 1868, na mwisho wa 1872 yakafungwa yote. Mmoja wa matajiri wake alikuwa amekwisha kuhamia Monaco. Huko mtawala alipata mapato mengi hata mwaka 1869 akawaondolea raia zake kodi, lakini raia hao hao hawaruhusiwi kucheza katika jumba lile. Amrithiye mgeni kitu anachowakataza watoto wake amekwisha kuujua ukweli wake.

Qurani haikukanusha kuwa kamari ina manufaa. Iliyapima na madhara yake, ikayaona madhara kuwa makubwa zaidi. Hapa kwetu Kenya sheria ya kuruhusu kamari na bahati nasibu kwa leseni ilitolewa mwaka 1966, na leo mchezo umeingia ndani ya simu. Kijana wa Mombasa au Lamu hana haja ya kupanda treni kwenda Wiesbaden. Serikali hupata ushuru wake humo, na ushuru huo huandikwa katika daftari za hazina. Hereni za mke zilizokwenda rehani haziandikwi katika daftari yoyote. Basi ni juu yetu, wazee wa nyumba na walimu wa vyuo, kuzihesabu.