Mwanafunzi wa Kiwandani na Swali la Mto Rusizi

Katika kurasa zilizotangulia tumechambua viulizi vya Kiswahili: nani, nini, lini, wapi, gani, vipi, kwa nini, -ngapi, -pi na je. Mwanachuo aweza kuvikariri vyote kwa siku moja, akavipanga katika makundi yake bila kosa, kisha akaingia darasani na kuduwaa pale mtoto anapomwuliza kwa nini maji huchemka au jiwe lilitoka wapi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuifunga sura hii kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeongozwa na maswali tangu utotoni hadi kufa kwake. Jina lake limechongwa juu ya jiwe kubwa huko Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura, na wengi wetu tumepata kulisoma. Mtu huyo ni David Livingstone.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, kwa wazazi maskini walioishi katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi. Alipokuwa na miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika mitamboni, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa juma lake la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, jambo ambalo sisi tunaofundisha sarufi tuna haki ya kulikumbuka. Baada ya kazi alihudhuria shule ya usiku, na mchana aliweka kitabu juu ya mtambo, akawa anasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake.

Siku za mapumziko alizunguka mashambani akikusanya mimea na mawe. Katika machimbo ya chokaa aliona magamba ya viumbe wa majini yakiwa yameshikamana na mwamba. Akamwendea mchimba mawe mmoja, akamwuliza magamba hayo yalifikaje humo. Mtu yule alimtazama kwa huruma, kama mtu atazamwavyo aliyepungukiwa akili, akamjibu kwamba Mungu alipoyaumba mawe aliyaumba pamoja na magamba yake. Jibu hilo halikuwa na nia mbaya, lakini halikuacha nafasi ya kuuliza zaidi. Livingstone hakulisahau; miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa mtu mashuhuri, alilisimulia katika kitabu chake, pamoja na namna alivyotazamwa.

Hata nyumbani maswali yake hayakupokewa kwa urahisi. Baba yake, mcha Mungu, alihofu kwamba vitabu vya sayansi vingemtoa mwanawe katika dini. Kijana alipata utulivu aliposoma maandishi ya Thomas Dick, Mskoti aliyeeleza kwamba imani na elimu ya maumbile si maadui. Tangu hapo akaazimia kuwa tabibu na mmisionari kwa pamoja.

Mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 23, aliingia Chuo cha Anderson mjini Glasgow. Majira ya baridi alisoma. Majira ya joto alirudi kiwandani kutafuta karo. Mwalimu wake wa kemia alikuwa Thomas Graham, ambaye wanafunzi wa sayansi hadi leo hulijua jina lake kwa kanuni ya mtawanyiko wa gesi. Msaidizi wa Graham, James Young, alikuwa na chumba chenye zana na mashine ya kukerezea, na humo Livingstone alijifunza kazi za mikono ambazo zingemfaa porini. Young huyo ndiye aliyetajirika baadaye kwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na makaa ya mawe, na urafiki wao ulidumu maisha yote.

Mwaka 1840 Livingstone alifanya mtihani wa utabibu. Watahini walipozungumzia stethoskopu, chombo ambacho daktari hukitumia kusikiliza kifua cha mgonjwa, yeye alitofautiana nao kuhusu uwezo wa chombo hicho, na mtihani wake ukarefushwa kwa sababu hiyo. Alifaulu hata hivyo. Mwishoni mwa mwaka huo alipanda meli kuelekea kusini mwa Afrika.

Katika Afrika hakuacha kuwa mwanafunzi. Mwaka 1852, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema, alijifunza kwa mwanafalaki Thomas Maclear namna ya kupima mahali kwa kutazama nyota. Kimo cha nchi alikipima kwa njia ambayo mwalimu yeyote wa Bujumbura aweza kuieleza kwa sufuria na kipimajoto. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri tunavyopanda juu, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Kwa kila mita 300 hivi hupungua uzi mmoja. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji tunayochemshia chai ufukweni huchemka kwa nyuzi 97 na kidogo. Msafiri asiye na ramani aliweza kuchemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria yuko juu kiasi gani.

Mwaka 1866 Livingstone alirejea Afrika ya Mashariki kupitia Zanzibar, akitafuta chimbuko la mto Nili. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya mto wetu Rusizi. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 bila kuufikia mdomo wa mto, na wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi huingia ziwani. Miaka michache baadaye Burton akashikilia kwamba huenda mto huo hutoka ziwani na kwenda kaskazini hadi Ziwa Albert. Ubishi mzima ulisimama juu ya vitenzi viwili: je, Rusizi huingia au hutoka? Kama hutoka, Tanganyika ni mama wa Nili. Kama huingia, sivyo.

Mwaka 1871, baada ya Henry Morton Stanley kumkuta Ujiji akiwa mgonjwa na mwenye kuishiwa, wawili hao walipanda mtumbwi pamoja, wakafuata pwani kuelekea kaskazini. Jiwe la Mugere lina tarehe 25 Novemba 1871. Siku chache baada ya hapo walifika kwenye mdomo wa Rusizi. Waliingia kwa mtumbwi katika tawi la mto, na wapiga makasia wakalazimika kupambana na mkondo uliowarudisha ziwani. Kwa hiyo mto huingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Leo twajua kwamba Rusizi hushuka kutoka Ziwa Kivu, lililo juu ya Tanganyika kwa karibu mita 690, na nguvu ya mteremko huo huendesha mitambo ambayo sehemu ya umeme wa Bujumbura hutokana nayo.

Lau maisha yake yangekoma hapo, tungekuwa na hadithi nyepesi ya kuwasomea wanafunzi. Lakini lilikuwapo swali la pili. Mapema mwaka huohuo wa 1871 Livingstone alikuwa amefika Nyangwe, kwenye mto Lualaba ulio mpana na wenda kaskazini. Aliamini kwamba huo ndio Nili. Alikosa mitumbwi ya kuufuata, na mnamo Julai wafanyabiashara wa watumwa wakawaua watu wengi sokoni mbele ya macho yake, naye akarudi Ujiji amevunjika moyo. Nyakati nyingine shaka ilimjia kwamba huenda Lualaba ni Kongo. Hata hivyo, Stanley alipomsihi warudi pamoja Uingereza, alikataa. Alikwenda kusini kutafuta chemchemi alizotarajia kuzikuta, akazama katika vinamasi vya Bangweulu, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Mwaka uliofuata Cameron alipima kimo cha Lualaba hapo Nyangwe, akakuta kwamba uko chini kuliko Nili ulivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi mto huo hauwezi kuwa Nili. Mwaka 1877 Stanley aliufuata hadi Bahari ya Atlantiki, na ikathibitika kuwa ni Kongo. Mtu aliyejifunza kupima kimo kwa maji yanayochemka alishindwa na swali ambalo kipimo sahihi cha kimo kingelijibu.

Baada ya kifo chake, wenzake wa safari, miongoni mwao Abdullah Susi na James Chuma, walikabiliwa na swali ambalo hakuna chuo kilichowafundisha: utausafirishaje mwili kutoka bara hadi pwani bila kuoza? Waliutoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti. Wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, kisha wakaufunga. Chumvi huyanyonya maji yaliyomo katika nyama, na jua huyamaliza. Pasipo maji, vijidudu vya uozo havistawi. Wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Huko London mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844, ukazikwa katika Kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Twawaachia wanachuo maisha haya pamoja na tofauti iliyomo. Kuhusu Rusizi, Livingstone aliuliza kisha akauachia mto ujibu. Kuhusu Lualaba, alikuwa amekwisha kulipenda jibu lake kabla mto haujasema. Mwalimu wa Kiswahili si lazima ajue kemia wala fizikia. Lakini mtoto akimletea swali asilolijua, aweza kumsaidia kulitunga vizuri, kumwonyesha ni nani wa kuulizwa na kitu gani cha kupimwa, na kukiri waziwazi kwamba yeye mwenyewe hajui.

Kwa zoezi la juma hili, kila mwanachuo akusanye maswali 10 ya watoto wa mtaani kwake kuhusu maji, moto, chumvi au umeme, ayaandike kama yalivyosemwa, kisha aainishe viulizi vilivyomo. Asiliache hata moja kwa kulidhania la kipumbavu.