Marehemu Bwana Mohamed Amin, Mpiga Picha

Wako miongoni mwa wazee wetu hapa Kinindo wasiopenda picha, nao wana hoja zao, wala si mahali hapa pa kuzijadili. Walakini yuko Mwislamu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye picha zake ziliwapatia chakula wenye njaa, nasi twaona yafaa vijana wamjue.

Marehemu alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, mwaka 1943. Baba yake, mtu wa asili ya Punjab, alikuwa mtumishi wa reli, na mwaka 1952 jamaa nzima ilihamia Dar es Salaam. Mtoto wa mtumishi wa reli aghalabu hutazamiwa kuifuata njia ya baba yake. Huyu, alipofikia umri wa miaka 11, alinunua kamera kuukuu ya Kodak, ile iliyofanana na kisanduku, chombo cha watoto na cha watu wa matembezi, wala si cha fundi. Kwa kisanduku hicho akaanza kazi ya maisha yake. Mwaka 1963 alikwisha kuanzisha Dar es Salaam shirika lake, Camerapix.

Kazi hiyo ilimtia taabuni. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar. Baadaye alikwenda hata Makka, akapiga picha za Hija, zikatolewa kitabuni mwaka 1978. Na wale wazee tuliowataja pengine wangekifungua kitabu hicho bila ya kinyongo.

Hata ikafika Oktoba 1984. Njaa ilikuwa imeshika kaskazini ya Ethiopia, na dunia haikuwa na habari, au ilikuwa nayo na haikujali. Bwana Amin alikwenda Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC, akawapiga picha wale waliolala chini kwa maelfu katika baridi ya alfajiri, wengine wakiwa wamekwisha kufa. Filimu hiyo ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha katika nchi nyingi. Watu walitoa mali zao; na Julai 1985 wanamuziki walikusanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha zaidi.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenziwe, John Mathai, alikufa, naye akakatwa mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walifariki, naye akiwamo, Mola amrehemu.