Baden-Powell: Jenerali aliyezikwa Nyeri na mzigo aliowaachia maskauti

NI wageni wachache waliozikwa katika ardhi ya Kenya ambao majina yao hutajwa na watoto wa mataifa mengi kama Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti. Kila Februari, maskauti na wasichana wa Girl Guides humiminika mjini Nyeri kumkumbuka. Wengi wao huijua skafu, saluti na kiapo. Maisha ya mtu mwenyewe, pamoja na madoa yake, hayasimuliwi sana.

Alizaliwa London mnamo Februari 22, 1857. Baba yake, kasisi aliyekuwa pia profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mtoto huyo akiwa na miaka mitatu, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama, Henrietta Grace. Katika shule ya Charterhouse, Robert hakung'aa darasani. Alipendelea kutorokea kichaka kilichopakana na shule, anase sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimgundue. Oxford ilimkataa. Mwaka wa 1876 alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akafaulu vyema na kupelekwa India.

Hata hivyo, ni Afrika iliyomjenga, na ni Afrika inayomshtaki. Mwaka wa 1896 alitumwa kusaidia kuzima uasi wa Wamatabele katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Huko alijifunza kusoma nyayo na kutembea usiku milimani, akisaidiwa na Mmarekani Frederick Russell Burnham. Huko pia aliamuru kuuawa kwa Uwini, kiongozi wa wapiganaji aliyekuwa tayari mikononi mwa Waingereza, baada ya kesi fupi ya kijeshi. Uchunguzi ulifanywa na afisa huyo akaondolewa lawama, lakini waliomchunguza walikuwa Waingereza wenzake, na familia ya Uwini haikuwa na wakili.

Sifa kubwa aliipata Mafeking, mji wa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Mji ulipokombolewa, barabara za London zilifurika watu waliosherehekea, na kanali huyo akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43. Wakati wa mzingiro, wavulana wazungu walipangwa katika kikosi cha kupeleka ujumbe, wakiongozwa na Warner Goodyear aliyekuwa na miaka 13. Wengi humpa Baden-Powell sifa ya kubuni kikosi hicho, ingawa aliyekiunda ni msaidizi wake, Lord Edward Cecil. Kuhusu Waafrika waliokuwa ndani ya mji, wanahistoria wangali wanavutana. Thomas Pakenham, katika kitabu chake cha 1979, alidai kwamba walinyimwa chakula ili wazungu washibe; Tim Jeal akamtetea jenerali muongo mmoja baadaye. Jambo lisilopingika ni kwamba njaa iliwaua watu weusi wengi.

Aliporejea Uingereza aligundua kwamba kijitabu alichowaandikia wanajeshi kuhusu upelelezi kilikuwa kikisomwa na watoto. Mnamo Agosti 1907 akawakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea. Baadhi walitoka katika shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa vibarua, na wote walichanganywa katika makundi manne, kila kundi likiongozwa na mvulana mwenzao. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala ambayo mwenyeji wao aliipata katika vita vya Matabele. Katika Uingereza ya wakati huo, kulaza mtoto wa bwana na mtoto wa kibarua katika hema moja kulikuwa jambo la kushangaza kuliko mafunzo yote ya kufunga kamba.

Kitabu chake cha kuwafunza wavulana kilitoka mwaka wa 1908 na moto ukasambaa. Wasichana nao walijitokeza bila kualikwa, na mwaka wa 1910 chama chao kikaanzishwa chini ya dada yake, Agnes. Mwaka huohuo uskauti uliingia Kenya. Mwaka wa 1912 alimwoa Olave Soames, msichana wa miaka 23 aliyezaliwa tarehe moja naye.

Mtihani mgumu ulimkabili tena kusini mwa Afrika, ambako wazungu hawakutaka kuvaa sare moja na watoto weusi. Mwasisi aliyefundisha kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti alikubali, mwaka wa 1936, mpango wa matawi yaliyotengwa kwa misingi ya rangi. Hapo ndipo mtu huyu anapopaswa kulaumiwa zaidi, kwani safari hii hakuwa askari anayetii amri.

Mwaka wa 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Aliiita Paxtu kwa kukumbuka makao yake ya Uingereza, Pax Hill, na msikilizaji wa Kiswahili hawezi kukosa kusikia humo neno letu “tu”. Alichora wanyama, akaandika na kuutazama Mlima Kenya hadi alipofariki Januari 8, 1941. Majivu ya Olave, aliyefariki mwaka wa 1977, yalizikwa kando yake.

Chama alichokiacha kimevuka wanachama milioni 50 duniani, lakini misukosuko haijakikosa. Mwaka wa 2020 maskauti wa Marekani walitangaza kufilisika, na hatimaye zaidi ya watu 80,000 wakawasilisha madai ya kudhulumiwa kingono wakiwa watoto. Mwaka huohuo, sanamu yake mjini Poole, mkabala na Brownsea, ilizungushiwa mbao kwa hofu ya waandamanaji. Mnamo 2023, joto kali na tishio la kimbunga viliwatawanya maelfu ya vijana waliokuwa kambini Korea Kusini.

Humu nchini tatizo ni la kawaida zaidi: sare, nauli na ada ya kambi, pamoja na mwalimu anayejitolea Jumamosi bila malipo. Kwa hilo, hesabu za Brownsea zingali na maana. Wavulana wa shule za matajiri walitozwa pauni moja. Watoto wa vibarua walilipa shilingi tatu na senti sita za Kiingereza, yaani chini ya thuluthi moja ya pauni hiyo, na chakula kilikuwa kilekile.